Kioo cha Kinyozi

Hakuna mwanamume aliyenyoa mara nyingi kama Karani mwaka ule. Jumanne alinyoa, Ijumaa akanyoa, na Jumapili akapita "kurekebisha pembeni." Kufikia mwezi wa tatu kichwa chake kilikuwa kinang'aa kama sahani, na bado alikuja, akaketi kwenye benchi, akasubiri zamu yake kwa utulivu kama mtu aliyepewa namba hospitalini. Kinyozi, ambaye hakuwa mjinga, aliwasha mashine, akaipitisha hewani juu ya kichwa cha kijana, akaizima na kusema, "Tayari." Hakumtoza kitu.

Sababu ya safari zote hizo ilikuwa binti wa kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Ibara.

Jina lenyewe lilimpata hivi. Alisoma sheria chuoni, akamaliza vizuri, akaomba kazi ya afisa haki wa wilaya, yule mtu wa kuwasikiliza raia waliofungiwa, waliofukuzwa na walionyimwa, na kuwaeleza Katiba inawapa nini. Mtihani wa maandishi aliupita akiwa wa kwanza. Siku ya usaili akaketi mbele ya jopo la watu watano, akainamisha kichwa, na sauti ikamkauka. Swali lilikuwa jepesi: taja haki tatu za mtu aliyekamatwa. Alilijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Alivitazama viatu vyake kwa dakika nne nzima, kisha akashukuru na kutoka.

Baba yake hakumpa hotuba. Kesho yake alimwita saluni, akamketisha kwenye kile kiti cha kuzunguka na kumwelekeza kwenye kioo. Nyuma yake, kwenye benchi, walikuwapo wateja wanne wakisubiri kunyolewa.

"Hilo ndilo jopo lako," alisema. "Kama huwezi kuwatazama watu usoni, watazame kwenye kioo. Na nyinyi waheshimiwa, vijitabu vya Katiba viko hapo chini ya magazeti. Kila mtu amuulize binti yangu swali moja. Asiyeuliza hanyolewi."

Watu walicheka, wakadhani ni utani. Wa kwanza aliyekataa alirudi kwake na ndevu zake. Tangu hapo hakukataa mtu, na kwa vile kila jibu la binti lilianza kwa kutaja ibara, mtaa ukampa jina hilo. Mkali kuliko wote alikuwa Fundi Saa, mzee wa kibanda cha kutengeneza saa ng'ambo ya barabara, ambaye maswali yake yote yalihusu muda. "Polisi wakinikamata sasa hivi, saa nane na dakika kumi, mwisho wa kunifikisha mbele ya hakimu ni lini?" Ibara alimjibu kupitia kioo, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya kumi kwa sauti, na mara ya hamsini kidevu kikiwa juu.

Halafu siku moja akaingia kijana mwenye nywele nyingi, karani wa masjala ya mahakama, akapekua kijitabu na kuuliza, "Haki ya faragha ina mipaka gani?" Ibara akainua macho kwenye kioo. Macho ya kijana yalikuwa yanamsubiri pale pale, juu ya kopo la vitana. Alitaja mipaka mitatu. Mpaka leo hakumbuki ilikuwa ipi.

Walipendana hivyo, mbele za watu, kupitia kioo. Karani naye alikuwa anajiandaa kwa mtihani ule ule. Yeye alijua kesi, Ibara alijua vifungu, wakawa wanaulizana kwa zamu huku kinyozi akiendelea kunyoa na kujifanya hasikii. Hata walipotembea pamoja jioni, Ibara aliitazama barabara. Kwenye kioo tu ndipo alipoweza kumtazama mpaka akatosheka.

Matokeo ya maandishi yakatoka. Watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wamefanya mtihani, na walioitwa kwenye usaili ni wawili. Nafasi ilikuwa moja. Mnaweza kuwaza ni akina nani.

Usaili ulipangwa Alhamisi. Jumamosi iliyotangulia, saa nne asubuhi, Karani akaja na shangazi yake kuposa.

Shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na bado alimtazama kila mtu kana kwamba amechelewa mstarini. Alipita katikati ya saluni bila kutazama kulia wala kushoto, akaingia sebuleni, chumba kilichotenganishwa na saluni kwa pazia tu, na kuchagua kiti kigumu kuliko vyote.

"Shikamoo, shangazi," Ibara alisema na kutua sinia ya chai.

"Marahaba, binti. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Inua uso nikuone."

Ibara akainua uso kidogo. Mama yake, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akakohoa kile kikohozi chake cha onyo. Kinyozi aliketi kwenye stuli, aproni bado shingoni, kwa sababu alikuwa amemwacha Fundi Saa kwenye benchi akisubiri zamu yake, na pazia halizuii masikio.

"Kaka, na wewe dada yangu," Shangazi alianza, "nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni la heri. Mwanangu amempenda binti yenu, na mimi nimeona si vibaya."

"Tunashukuru," Mama alisema.

"La pili linahitaji busara. Hawa watoto wanagombea kazi moja. Alhamisi mmoja atamshinda mwenzake. Akishinda mwanangu, binti atanuna mpaka mjukuu wangu wa kwanza aanze shule. Akishinda binti, mwanangu atakuwa anaomba ruhusa ya kula. Nyumba haijengwi hivyo. Naomba binti ajiondoe kwenye usaili. Umri unamruhusu, atajaribu mwaka mwingine."

Macho ya Ibara yakateremka yenyewe kwenye viatu vyake. Vilikuwa vile vile vya mwaka jana.

"Shangazi," Karani akasema, "tulikubaliana hilo hutalisema."

"Ulikubali peke yako."

"Basi na mimi niseme langu." Akasimama, akatoa bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti na kuiweka mezani, kando ya birika. "Ibara hajiondoi. Nimejiondoa mimi. Barua hii hapa, nimeiandika na kuisaini. Jumatatu asubuhi naipeleka. Kazi ni yake. Hii ndiyo posa yangu."

Mama alijishika kifuani. Nyuma ya pazia Fundi Saa alisema "Loo!" halafu akajifanya anakohoa. Shangazi alifumba macho kama mtu aliyesikia sahani ikivunjika jikoni.

Wote wakamgeukia Ibara. Alijua wanachongoja. Walingoja machozi ya furaha, na kwa kweli yalikuwa njiani. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kikubwa kiasi kile. Kijana huyu alikesha miezi na vitabu, akafika wawili wa mwisho kati ya mia nne, na sasa ameyaweka yote mezani kando ya birika kwa ajili yake. Kifua kilimjaa mapenzi. Angekaa kimya sekunde tano zaidi, angelia na mambo yangekwisha.

Lakini kulikuwa na kitu kingine kinachopanda chini ya mapenzi yale, na kilikuwa cha moto zaidi.

"Karani," alisema. "Nani alikuomba?"

"Hakuna. Nakupenda."

"Kwamba unanipenda najua. Nimekuuliza nani alikuomba."

"Hakuna aliyeniomba."

"Nimekaa kwenye kiti kile pale miezi kumi na moja." Alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Nimeulizwa na wauza mitumba, madereva, wachungaji, mpaka mtu mmoja aliyekuja na povu la sabuni masikioni. Baba amepoteza mteja kwa ajili yangu. Fundi Saa ameniuliza swali moja la saa ishirini na nne mpaka nalijibu usingizini. Nimefanya yote hayo ili niingie mlango ule wa usaili na kutoka nimeshinda. Unakuja wewe na bahasha, unaniambia nisihangaike, mlango uko wazi?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Sikiliza kwanza. Nikiipata kazi kwa barua hii, siku moja atakuja ofisini mama ambaye mwenye nyumba amemfungia vitu vyake. Nitamwambia kwamba haki zake ni zake tangu alipozaliwa, haombi kwa mtu, hapewi na mtu. Nitamwambia kwa mdomo gani, Karani, wakati kiti nilichokalia nimepewa na mchumba?"

"Mwanangu," Mama alisema taratibu, "punguza sauti, mgeni…"

"Mwache," Kinyozi akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu wageni waingie.

Shangazi alikuwa ameweka kikombe chini. "Binti, unaikataa zawadi?"

Ibara akamgeukia. "Shangazi, angeniletea kitambaa ningekipokea kwa mikono miwili na kupiga magoti. Lakini nafasi ile hakuwa nayo bado, sasa ananipaje? Ni ya atakayeshinda. Na wewe pia, heshima yako naishika, nisamehe nikikosea. Hata mwizi wa kuku husikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Mimi leo nimekatiwa hukumu mbili kabla chai haijapoa, moja yako, moja yake. Mmoja anataka nijiondoe, mwingine anataka nishinde bila kushindana. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

"Nafasi ya kusikilizwa!" Fundi Saa akasema kule nyuma. "Ukurasa wa kumi na nane!"

"Fundi, kunywa maji," Kinyozi alijibu bila kugeuka.

Karani alikuwa bado amesimama. Uso wake ulikuwa umemshuka, naye alionekana mdogo ndani ya koti lake. Ibara alimwonea uchungu, na uchungu ule ulimfanya akaze zaidi, kwa kuwa alijua akilegea hapo hatajisamehe.

"Sema kweli," alimwambia. "Kwa nini uliiandika?"

Karani akaitazama bahasha.

"Una haki ya kukaa kimya, lakini leo usiitumie."

"Mwaka jana nilikuwepo," alisema. "Siku ya usaili wako. Mimi nilikuwa nafuata baada yako, nimekaa kwenye ngazi nasubiri kuitwa. Ulitoka, ukakaa ngazi ya chini kabisa, ukavua viatu. Ulikaa pale umevishika mkononi. Hukuniona. Nilipoitwa ndani nami nikaboronga, kwa sababu nilikuwa nakuwaza wewe. Nilikutafuta miezi miwili mpaka nikaambiwa baba yako ni kinyozi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sikutaka niwe mimi nitakayekurudisha kwenye ngazi ile, Ibara. Basi."

Hilo Ibara hakulitegemea. Miezi yote alidhani siku ile ya kwanza nywele ndizo zilizomleta. Alitaka kwenda kumkumbatia mbele ya shangazi yake, mbele ya kila mtu. Badala yake alibaki alipo, akamtazama.

"Kwa hiyo uliona nitashindwa tena."

"Niliogopa."

"Kuogopa ni jambo lingine. Unaamini naweza kukushinda, au huamini?"

Karani alilifikiria swali lile kweli, na Ibara alimpenda kwa kulifikiria.

"Naamini," alisema. "Kwa vifungu unanishinda mbali. Kwa kesi nakuzidi. Mimi na wewe tukiingia tumejiandaa, sijui nani atatoka na kazi. Hilo ndilo jibu langu la kweli."

"Basi hilo ndilo nililolitaka. Posa yako nimeisikia. Jibu utalipata Alhamisi, mlangoni, ukishatoka kwa jopo. Uingie na akili zako zote. Ukijibu hata swali moja vibaya kwa makusudi nitajua, kwa sababu najua unachokijua, na hapo usinitafute tena."

"Na nikikushinda?"

"Nitalia siku mbili. Ya tatu nitakuwa kwenye kiti, na wewe utakuwa kwenye benchi unaniuliza. Na mimi nikikushinda?"

Kwa mara ya kwanza tangu aingie Karani akatabasamu. "Nitapita mtaa mzima nikimwambia kila mtu ni nani aliyenishinda. Nitaanza na mahakamani."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. Alimtazama Ibara juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu, kama anayesahihisha karatasi na kutafuta kosa.

"Miaka thelathini na mbili nimefundisha," alisema hatimaye. "Walimu wakuu wa kiume walikuwa wakinigawia darasa la wadogo kwa sababu eti nina huruma. Nilipewa ukuu wa shule nikiwa na miaka hamsini, na aliyenipa aliniambia nimshukuru. Nilimshukuru." Akakisogeza kikombe mbele. "Binti, lile la kujiondoa nimeliondoa. Nimimine chai nyingine."

Kinyozi akainuka, akaichukua bahasha mezani kana kwamba anaondoa vyombo. "Kijana, una ndevu za siku tatu. Huwezi kuingia kwenye usaili hivyo. Njoo."

Wakahamia wote saluni, Shangazi akiwa na kikombe chake. Fundi Saa alisogea na kumpa nafasi kwenye benchi, akamwelezea kwa upole sheria ya nyumba ile.

"Mimi sinyolewi!" Shangazi alisema.

"Basi utauliza kwa niaba ya mwanao, mama. Kijitabu hicho hapo."

Kinyozi akampaka Karani povu mpaka karibu na macho, akafungua wembe. Kinyozi wa wembe huhitaji karatasi ya kufutia povu, na kila siku hutumia gazeti la jana. Siku hiyo hakugusa gazeti. Alifungua bahasha, akaikunjua barua ya kujitoa, akaitandika kwenye bega la kijana. Mkato wa kwanza chini ya shavu, akafuta wembe juu ya *Mimi niliyetajwa hapo juu*. Mkato wa pili, akafuta juu ya *kwa hiari yangu*. Karani, ambaye hakuweza kucheka wala kutikisika, alitazama maneno yake yakipotea chini ya povu na vinyweleo mpaka ikafika zamu ya saini. Kisha Kinyozi akaikunjakunja ile karatasi, akaitupa kwenye ndoo ya nywele, akampangusa kijana kwa taulo la moto.

"Shuka," alisema. "Sasa zamu ya binti."

Ibara akaketi na kukigeuza kiti kuelekea kioo, kama alivyofanya miezi kumi na moja. Baba yake akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti, akakizuia.

"Unatafuta nini huko?"

"Si nakaa kitini, baba."

"Umesimama sebuleni kwangu robo saa nzima," Kinyozi alisema. Alikuwa anaongea polepole, na wembe bado uko mkononi. "Umezungumza na mwalimu mkuu. Umezungumza na mwanamume unayempenda, umemwambia lisilo tamu. Wote umewatazama machoni. Mimi nilikuwa nakuangalia. Nilijua karibu utatafuta viatu tena. Tangu usimame hukuvitafuta." Akakohoa kama mama watoto wake. "Kioo hukukihitaji, mwanangu."

Akatwaa shuka la kunyolea, akalitikisa nywele, akalining'iniza juu ya kioo mpaka kikafunikwa chote. Kisha akakizungusha kiti kwa mkono wake mwenyewe.

Benchi ikawa mbele ya Ibara. Mama alikuwa amesimama penye pazia, Shangazi na kijitabu magotini, Fundi Saa ameishika saa yake ya mfukoni. Karani alikuwa katikati yao, mashavu laini, taulo bado shingoni. Juu ya nyusi yake palikuwa na kovu dogo, na Ibara akagundua kwamba liko upande wa kulia. Miezi yote ile, kwenye kioo, alikuwa ameliona kushoto.

"Nani anaanza?" Kinyozi aliuliza.

"Mimi," Karani akasema. Alimtazama moja kwa moja, bila kutabasamu, kama mpinzani anavyomtazama mpinzani anayemheshimu. "Taja haki tatu za mtu aliyekamatwa."

Ibara alisikia mtaa ukiendelea nje, pikipiki, mtu akiuza vocha. Viatu vyake vilikuwa chini huko mahali fulani.

"Kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa," alisema. "Kukaa kimya, na kuambiwa kwamba anaweza kukaa kimya. Na kufikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa ishirini na nne."

"Kuanzia lini?" Fundi Saa akarukia.

"Kuanzia alipokamatwa, Fundi. Siyo kuanzia walipoandika kwenye daftari."

Fundi Saa akaifunga saa yake, akaitia mfukoni. Shangazi aliandika kitu kwa kalamu kwenye ukingo wa kijitabu, na aliyekaa karibu naye angeona kwamba ni alama ya pata, ile ya jibu sahihi. Ibara hakuiona. Alikuwa anamtazama Karani, ambaye macho yalikuwa yamemjaa maji, naye hakuyafuta.

"Haya, inuka hapo," Ibara alimwambia. "Sasa uketi wewe kitini. Na mimi nikiuliza sikuonei huruma."